Vitabu vya Sikukuu na Sahani ya Zuzu

Mwanangu Rehema,

Salamu tutapeana kesho asubuhi stendi, tena mbele za watu, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya sweta, ya baridi ya Arusha, ya kutompa mtu usiyemjua simu yako akushikie, baba yako ameshakuambia yote na mengine ameyarudia. Mimi nimefunga saluni mapema, Zaituni nimemruhusu aende kwake, na wewe uko kijijini Zuzu kumuaga bibi yako. Nimekaa kwenye stuli yako ya kusomea, ile ambayo mguu wake mmoja tuliufunga waya, nikuandikie jambo ambalo juzi niliogopa kukuambia usoni.

Juzi ulitusomea hadithi yako hapa hapa. Ulipomaliza ukanitazama, nami nikasema imeandikwa vizuri. Ukafunga kompyuta yako ukaondoka bila kumalizia chai. Nilijua nimeharibu, maana umekulia katika chumba hiki na unajua kwamba mama yako akikipenda kitabu hasemi kimeandikwa vizuri. Akikipenda husema "haya, endelea," au hasemi kitu, anasuka tu. Jana baba yako akaniambia umeamua kuiacha hadithi yako nje. Kwamba ukifika huko utakusanya za wenzako, utazinyoosha, kitabu kitatoka, na yako utaifuta. Moyo uliniuma. Nataka hadithi hiyo iingie kitabuni, Rehema, ila si kama ilivyo sasa, na nina siku ya leo tu kukueleza kwa nini.

Kazi waliyokupa hao wachapishaji naiona kama waliitunga wakikufikiria wewe. Uhariri msaidizi, na cha kwanza mkononi ni kitabu cha riwaya fupi za mapenzi za sikukuu, nne au tano ndani ya jalada moja, na wakakuachia nafasi ya moja uliyoandika mwenyewe. Kuna mtu Tanzania hii aliyesoma vitabu vya namna hiyo kwa sauti kuliko wewe? Ulianza ukiwa darasa la sita. Ilikuwa Desemba, foleni ya kusukwa imefika mlangoni, Mama Pendo amekuja na kitabu chake cha Krismasi lakini hawezi kusoma kwa kuwa nimemwinamisha kichwa. Akakuita wewe umsomee. Vipande vya kukumbatiana ulikuwa unaviruka mwenyewe bila kuambiwa, unasema "hapa wakasalimiana," halafu unaendelea. Watu walicheka mpaka Zaituni akadondosha kitana. Kuanzia hapo, kila Desemba na kila inapokaribia Idi, saluni yetu ikawa na msomaji.

Mimi sikusoma shule ya vitabu. Ila miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa kwenye vichwa vya watu na masikio yangu kwenye sauti yako. Nilikuja kugundua kwamba kichwa kimoja cha rasta ndogo kinachukua muda ule ule wa riwaya fupi moja, na kwamba mtu aliyefungwa kwenye kiti, shingo inamuuma, hawezi kudanganya kuhusu hadithi. Ikiwa nzuri anasahau shingo. Ikiwa mbaya anaanza kuuliza bei ya dawa ya nywele.

Unamkumbuka yule bibi harusi wa Nzuguni huku juu, aliyesukwa ukisoma ile ya daktari na muuza mitumba? Hadithi ilipopamba moto nikasahau mikono yangu iko wapi. Upande wa kulia nimemsuka nyembamba kama nilivyoagizwa, upande wa kushoto nimemsuka nene kama kamba za mbuzi. Tulipomletea kioo akajitazama, kisha akasema, "Sawa, lakini alimwoa?" Ikabidi nifumue upande mzima na wewe urudie mwisho. Ile ndiyo ilikuwa hadithi nzuri, na hasara yangu ya jioni nzima sikuwahi kuijutia.

Lakini zilizotuangusha ni nyingi zaidi, na nadhani kwa zile ndiyo nimejifunza. Mwanzoni nilikuwa nachagua vitabu kwa jalada. Msichana mzuri, taa za rangi, jina kubwa la mwandishi juu, nanunua. Ndani unakuta jina kubwa limetoa kiporo, kipande alichokikata kwenye kitabu chake cha zamani akakipasha moto, watu wanaingia na kutoka humjui huyu ni nani wala yule katokea wapi. Hizo nne nyingine zinafanana kama sare. Kila moja ina pete, kila moja ina mtu kapiga goti, na kila goti linapigwa mkesha wa Krismasi. Ukifika kichwa cha tatu Mama Pendo anauliza huyu Jastini ni yule wa asubuhi au mwingine. Mwandishi wa kwanza hakuwa na kosa, wala wa pili. Aliyekosa ni aliyewakusanya bila kuwasikiliza pamoja, na kuanzia wiki ijayo mtu huyo ni wewe. Weka moja ya wazee. Weka moja ya watu ambao wameshaoana na wamechokana kidogo, sikukuu iwakumbushe. Weka ya Idi, na usiiweke kwa kuwaonea huruma Waislamu, iweke kwa sababu ni tamu.

Halafu kuna zile ambazo wapendanao wamekosana kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Amemwona na mwanamke mwingine dukani, akakimbia, akalia kurasa ishirini, kumbe yule ni dada yake. Unakumbuka wateja walivyokuwa wanaimba wote kwa pamoja, mpigie simu, mpigie simu, mpaka majirani wanachungulia. Kizuizi cha namna hiyo hakimzuii mtu yeyote. Mtu hufurahi watu wanapopata kile ambacho kweli wangeweza kukikosa.

Na ile iliyosema inatokea hapa Dodoma, wiki ya Krismasi, vijana wawili wamerudi likizo wanatembea wameshikana mikono kutwa nzima kwenye bustani. Mama Pendo alikusimamisha ukiwa katikati ya sentensi. "Hawa hawana wazazi?" akauliza. "Mvua imenyesha, Desemba, na hakuna aliyewapa jembe?" Sisi tulicheka, ila mwandishi alikuwa amempoteza mteja kwa siku nzima. Krismasi yetu ni ya kupanda. Anayerudi kutoka mjini na viatu vipya anavivulia mlangoni, na asiyejua hilo ajue kwamba sisi tunalijua.

Nisije nikajifanya mjuzi wa yote. Kwa muda mrefu nilikuwa nakuharakisha. Nilikuwa nasema ruka hizo kurasa za mwanzo, nenda kwenye mapenzi. Ukaruka kwa utii, na tulipofika kwenye mapenzi hakuna aliyejali, maana hatukujua yule dada anaogopa nini wala yule kaka anacheka vipi. Nilidhani hadithi ndizo mbaya. Ilikuwa mpaka Zaituni alipokuzuia siku moja akataka kusikia tangu mwanzo ndipo nikaona kwamba mimi ndiye nilikuwa nakula wali kabla haujaiva. Nilidharau pia wale matajiri wenye gari jeupe wanaokuja kumchukua muuza genge. Nikawa nacheka, mpaka nikamwona mama mmoja mteja wetu, mume wake alimwacha na watoto, anasikiliza lile gari jeupe likiingia na anatabasamu peke yake. Nikaacha kucheka. Usimdharau mtu kwa kutaka furaha, Rehema, hasa aliyeilipia.

Kuna wale wanaoona aibu kuandika furaha. Ulishatusomea ya mmoja, alijua kuandika kweli kweli, na ukurasa wa mwisho akamuua bwana harusi kwenye ajali mkesha wa mwaka mpya. Mama Pendo aliinuka na nusu kichwa hakijasukwa akaenda kusimama nje. Alirudi macho mekundu, akasema yeye amekuja kutengenezwa kwa ajili ya sikukuu na hawezi kurudi kwake na msiba wa mtu asiyemjua. Mtu anayenunua kitabu cha sikukuu anajua mwisho utakuwa mzuri. Analipa ili aogope kidogo njiani, akijua mkono umemshika.

Sasa nije kwenye yako.

Yako, mwanangu, ina sentensi nzuri kuliko zote tulizowahi kusikia humu. Mvulana anashuka treni stesheni ya Zuzu siku ya Krismasi, ana kisanduku cha pete, bendi ya kanisa inapiga, taa zinawaka, anapiga goti kwenye mchanga na stesheni nzima inapiga makofi. Nilielewa mara moja kwamba yule ni baba yako na yule binti ni mimi. Na nilipogeuka nikamwona Mama Pendo ameinama anaangalia simu. Hapo ndipo nikasema imeandikwa vizuri.

Kosa si lako, maana hukuambiwa. Kila ulipouliza tulikutana vipi nilikujibu baba yako alikuja Zuzu, akanioa. Baba yako ndiye aliniomba nisiseme zaidi, kwa sababu ya pilau. Leo nimemfuata uani anakofunga sanduku lako kwa kamba, nikamwambia Rehema anaitupa hadithi, na anaitupa kwa sababu hatukumpa iliyo ya kweli. Akafunga fundo moja, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasema, "Mwandikie. Na pilau uiandike."

Basi sikia. Mwaka ule Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Babu yako alikuwa na mbuzi, na majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, kwa hiyo kama ilivyo kawaida ya kwetu ilibidi achinje Mwislamu ili kila mtu ale. Mzee aliyezoea kutuchinjia alikuwa amesafiri. Wakamtafuta kijana mmoja wa Kondoa aliyepanga chumba karibu na stesheni, anauza vitunguu pamoja na mjomba wake. Akaja asubuhi, kanzu safi, kisu kikali. Akamwamkia kila mtu, hata mimi nusura anipe shikamoo kwa woga. Akachinja, akanawa, akaaga. Hakula kitu kwa kuwa amefunga.

Mvua ikamkuta mlangoni. Ilikuwa ya kwanza ya maana mwaka ule, na ilipokatika babu yako akatoka, akaikanyaga ardhi kwa kisigino, akatangaza kwamba nyama itasubiri lakini udongo hautasubiri. Bibi yako alilalamika, siku ya Bwana, watu wana nguo mpya. Babu yako akasema zawadi ya Krismasi haiachwi nje. Mimi nilikuwa nimesukwa siku moja kabla, kichwa bado kinaniuma, nina gauni la njano ambalo nilililia miezi. Nikavua gauni nikiwa nimenuna, nikafunga kanga, nikachukua kibuyu cha mbegu. Nilipotoka nikamkuta yule kijana wa Kondoa amekunja kanzu kiunoni na ameshika jembe, na hakuna aliyemwomba.

Unajua tunavyopanda. Mmoja anatangulia anachimba, mwingine anafuata anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Nikapangwa nyuma yake. Nilikuwa na hasira na siku, na mvua, na baba yangu, basi nikawa namwaga mtama bila kuangalia. Akageuka akatazama shimo.

"Dada, hapo umepanda ukoo mzima," akasema.

"Wewe chimba," nikamjibu.

Akachimba. Jua likatoka, na mtu amefunga, koo limekauka, mgongo umelowa jasho, hakuacha mstari hata mmoja. Kila baada ya hatua kadhaa anageuka kuhesabu mbegu zangu kwa macho bila kusema. Nikaanza kuzidondosha taratibu. Sijui nilikuwa nazidondosha taratibu kwa ajili ya mtama au kwa ajili ya nini. Hatukusemezana kingine mpaka jua likazama, na hayo ndiyo mazungumzo yote ya mapenzi niliyoyapata Krismasi ile.

Magharibi bibi yako akajaza sahani nyama na ugali akampa aende kufuturu. Ile sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu. Akaipokea kwa mikono miwili akasema, "Mama, nitairudisha." Bibi yako akamjibu, "Najua." Na sote tulijua, maana sahani ya jirani hairudi tupu, na mtu mwenye sahani ya watu hajaaga bado.

Ila siku zikapita. Nikasikia amekwenda kwao Kondoa kula Idi, na mvua zile zilikuwa zimekata barabara. Nikawa najipa safari za stesheni zisizo na kichwa wala miguu. Nilikuwa najua vizuri kinachonizuia. Mimi binti wa mzee wa kanisa, yeye mtoto wa Mwislamu wa Kondoa, na hatujui hata kama tumeongea. Angeweza kumpa mtu sahani ile ailete, na ingekuwa ni adabu tosha, na mambo yangeishia hapo. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, Rehema, kwamba nitarudi nyumbani siku moja niikute sahani kabatini.

Idi ikaja, ikapita. Siku ya pili yake jioni nikamwona anapandisha njia, matope mpaka magotini, amekumbatia kitu kimefungwa kwenye kanga ya mama yake. Basi lilikuwa limekwama njiani na wakalala humo. Akakifungua mbele ya bibi yako. Sahani yetu, na juu yake pilau ya Idi kutoka Kondoa, imejaa mpaka ukingoni. Na imechacha. Ilikuwa inanuka mpaka kuku wakasogea.

Babu yako alitazama pembeni. Masikio ya yule kijana yakawa mekundu, mtu mweusi vile, sijui yalipata wapi hiyo rangi. Akasema, "Imechacha. Lakini haijarudi tupu." Bibi yako akaipokea kwa mikono miwili, kama yeye alivyoipokea, akamwambia aketi. Mimi nikaenda jikoni kuchukua maji ya kunawa na nikakaa huko kidogo, kwa sababu nilikuwa nacheka na nilikuwa nalia.

Yaliyofuata ni marefu. Babu yako alinuna mpaka mtama ukakomaa. Kule Kondoa nako kulikuwa na vikao. Mwishowe tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake, na wewe ukapata sikukuu mara mbili. Lakini hayo yote usiyaandike. Nimesikiliza riwaya fupi nyingi zilizokimbilia harusini zikafika zimechoka. Ishia pale kwenye sahani. Msomaji akishaona mtu amebeba pilau iliyochacha kutoka Kondoa mpaka Zuzu na hakuthubutu kuimwaga njiani, yeye mwenyewe ataijua harusi.

Basi toa pete, toa bendi. Mrudishe mbuzi, mrudishe babu yako na kisigino chake. Jiulize kila ukurasa, nikiiondoa sikukuu hapa hadithi inasimama? Ikisimama, basi sikukuu ulikuwa umeitundika tu. Hii yetu ukiiondoa Krismasi hakuna mbuzi, ukiiondoa Ramadhani hakuna sahani, na ukiiondoa Idi hakuna pilau, na wewe usingekuwepo kuandika chochote.

Usiogope kwamba ni ndogo. Nilimsimulia Zaituni mchana huu kabla hajaondoka, na tulikuwa na kichwa kwenye kiti, cha Mama Pendo mwenyewe. Hakuuliza bei ya kitu. Nilipofika kwenye kuku akasema, "Haya, endelea."

Kesho basi lako litapita Kondoa. Angalia dirishani, hiyo ndiyo njia aliyokuja nayo, siku hizi ina lami na pilau ingefika salama. Chini kabisa ya sanduku, katikati ya mashuka, nimekuwekea sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu. Bibi yako alinipa siku niliyoolewa. Kitabu kitatoka kabla ya sikukuu, umesema. Unaijua desturi ya kwetu, mwanangu, kwa hiyo sina haja ya kukuuliza utarudi lini wala umebeba nini.

Mama yako, nikiwa kwenye stuli yako